Hisa Zikipanda, Nani Ameshiba?

Mwaka 1994 Nairobi ilipata sifa ambayo haikuwa imeizoea. IFC, tawi la Benki ya Dunia linaloshughulika na sekta binafsi, lilitangaza kwamba kati ya masoko ya hisa ya dunia nzima, la Nairobi ndilo lililoongoza kwa faida: asilimia 179 kwa hesabu ya dola. Aliyeingia na dola 100 alitoka na 279. Tarehe 18 Februari mwaka huo kiashiria cha NSE 20, kinachofuata bei za hisa za kampuni ishirini, kilifika pointi 5,030. Hakikuwa kimewahi kupanda hivyo.

Sasa tuitazame nchi yenyewe katika mwaka wa 1993, wakati soko likipanda kuelekea rekodi hiyo. Uchumi ulikua kwa chini ya nusu asilimia, na kwa kuwa watu walikuwa wakiongezeka kwa kasi kubwa zaidi ya hiyo, kila Mkenya kwa wastani alirudi nyuma. Bei za bidhaa zilipanda kwa karibu asilimia 46. Wafadhili walikuwa wamefunga mifuko tangu Novemba 1991. Uchaguzi wa vyama vingi wa Desemba 1992 ulimwagiwa fedha nyingi hata noti ya shilingi 500 wananchi wakaibatiza “Jirongo”, kwa jina la kijana aliyeongoza kundi la kampeni la chama tawala. Kashfa ya Goldenberg ilikuwa ikikamua Hazina kwa kisingizio cha kuuza nje dhahabu na almasi ambazo hazikuwapo. Shilingi ilianguka vibaya. Nchi yenye soko bora la hisa duniani ndiyo hiyo.

Nimeanza na 1994 kwa sababu swali hili, kama hisa zikipanda ndiyo uchumi umepona, huku kwetu hujibiwa kila mara kwa mifano ya New York, kana kwamba sisi hatuna ushahidi wetu. Tunao, na si haba. Soko la Nairobi lilianzishwa 1954, na limepanda vilele vitatu vya kukumbukwa: huo wa 1994, ule wa 2007, na huu ulioanza kuparamiwa 2024. Ukivisoma pamoja unaona mpangilio. Soko hutangaza kwanza bei ya fedha, kisha faida ya kampuni chache. Hali ya mwananchi huifikia mwisho, kama itaifikia.

Kilele cha kwanza kinaeleweka ukifuata riba. Noti zilizochapishwa wakati wa uchaguzi zilibidi zirudishwe, na Benki Kuu ikazivuta kwa kuuza dhamana za muda mfupi. Katikati ya 1993 riba ya dhamana za siku 91 ilipita asilimia 80. Nani angenunua hisa za kampuni ya majani chai wakati serikali inamlipa namna hiyo akiwa amekaa kitako? Kisha riba ikaanza kushuka, vizuizi vya fedha za kigeni vikaondolewa, shilingi ikapata nguvu. Fedha zilizokuwa zimejikunyata kwenye dhamana zikatafuta pa kwenda. Hisa zilizokuwa zikiuzwa zilikuwa chache, bei zikaruka. Na kwa kuwa mshindi alipimwa kwa dola, kupona kwa shilingi kukaongeza chumvi. Hakuna kiwanda kilichohitaji kufunguliwa ili takwimu ile ya 179 ipatikane.

Kilele cha pili kilikuwa na ukweli zaidi, na hapa wanaolidharau soko wanapaswa kunyamaza kidogo. Mwaka 2002 NSE 20 ilikuwa ikielea juu kidogo ya pointi 1,000, na uchumi ulikua kwa kama nusu asilimia tu. Januari 12, 2007 kiashiria kilifika 6,161, na mwaka huo uchumi ulikua kwa karibu asilimia 7. Vyote viwili vilipanda pamoja. Mabenki yalikuwa yakikopesha watu, kampuni zilikuwa zikipata faida kwa kuuza bidhaa. KenGen ilipouzwa kwa umma mwaka 2006 kwa shilingi 11.90 kwa hisa, siku ya kwanza sokoni bei ilifika karibu 40. Walimu, makarani na wafanyabiashara wa duka walijifunza msamiati mpya: dalali, gawio, akaunti ya CDS.

Lakini hata ukweli huo ulikuwa wa jicho moja. Mwaka ulioanza kwa rekodi sokoni uliisha kwa moto. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 zaidi ya watu 1,100 waliuawa na malaki wakafukuzwa makwao. Ukuaji wa uchumi wa 2008 haukufika asilimia 2. Mambo yaliyolipuka, yaani ardhi, ukabila wa madaraka, vijana wasio na kazi, utajiri ulioelekea upande mmoja, hayana hisa. Hakuna dalali anayeyanunua wala kuyauza, kwa hiyo bei haikuwa na njia ya kuyasema.

Miezi michache tu baada ya majivu hayo ilikuja foleni ya Safaricom. Serikali iliuza hisa bilioni 10 kwa shilingi 5 kila moja, na zaidi ya watu 800,000 wakaomba. Wengine walikopa benki. Juni 9, 2008 hisa ilipoanza kuuzwa ilipita shilingi 7, kabla ya mwaka kwisha ilikuwa chini ya zile 5. (Waliokopa wakauza kwa hasara, mpaka leo hawapendi kukumbushwa.) Hata hivyo, Safaricom ilibadilisha maana ya soko zima. Ilikua hadi ikawa zaidi ya nusu ya thamani ya kampuni zote zilizoorodheshwa. Tangu hapo, mtangazaji anaposema “soko limepanda leo,” mara nyingi anachomaanisha ni kwamba kampuni moja ya simu imepanda leo.

Hapo ndipo penye kiini cha suala: nani yumo sokoni na nani hayumo? Kampuni zilizoorodheshwa Nairobi ni sitini na ushee. Kilimo ni zaidi ya sehemu moja ya tano ya Pato la Taifa la Kenya, lakini kampuni za kilimo sokoni ni vijishamba vichache vya chai, kahawa na parachichi ambavyo thamani yake haisikiki mbele ya benki moja kubwa. Wakulima wadogo zaidi ya 600,000 wanaouza chai kupitia shirika la KTDA hawamo. Saccos hazimo. Matatu hazimo. Mitumba ya Gikomba haimo, wala fundi wa Kamukunji anayegonga masanduku ya bati. Kwa mujibu wa Shirika la Taifa la Takwimu, mwaka 2024 Kenya ilipata nafasi mpya za kazi 782,300. Kati ya hizo 703,700 zilikuwa za jua kali, yaani za sekta isiyo rasmi. Uchumi unaoajiri watu uko upande mmoja wa barabara, na ubao wa bei uko upande wa pili.

Tanzania inaonyesha jambo hilo kwa namna nyingine. Dhahabu ni kinara wa mauzo yake ya nje, lakini mgodi wa Geita ni wa AngloGold Ashanti, na North Mara na Bulyanhulu ziko chini ya Barrick, kampuni ambazo hisa zake huuzwa New York, Toronto na Johannesburg. Kampuni iliyoitwa African Barrick Gold iliwahi kuorodheshwa pia Dar es Salaam mwaka 2011, ikaja kujulikana kama Acacia, na ikaondoka 2019 iliponunuliwa na mama yake. Soko la Dar es Salaam, lililoanza biashara Aprili 1998 kwa hisa za TOL, leo hubebwa zaidi na benki mbili, NMB na CRDB. Benki hizo zimewatendea vizuri wanahisa wao: NMB iliyouzwa kwa umma kwa shilingi 600 mwaka 2008 ilikuwa imepita 5,000 mwaka 2024. Ni habari njema kwa wenye NMB. Kuhusu bei ya korosho Mtwara au mshahara wa mchimba dhahabu mdogo wa Chunya, haikuambii kitu. Kongo ndiyo imefika mwisho wa mstari huo: haina soko la hisa hata moja. Shaba na kobalti ya Kolwezi hupandisha na kushusha bei London na Hong Kong, huku anayeichimba kwa sululu akipimiwa mzigo wake kwa kilo kando ya barabara.

Turudi Nairobi, kwenye bonde refu lililotangulia kilele cha tatu. Mapema 2015 NSE 20 ilikuwa imerudi juu ya 5,000. Mwisho wa 2023 ilikuwa kama 1,500. Katika miaka hiyo hiyo uchumi, ukiacha mwaka wa korona, ulikuwa ukikua kwa asilimia 4, 5, wakati mwingine zaidi. Anayeamini kwamba soko ni kioo cha uchumi ana kazi ya kueleza kwa nini kioo kilionyesha maiti wakati mtu alikuwa akitembea.

Sababu ziko kadhaa, na si zote zina uzito sawa. Sheria ya kudhibiti riba ya 2016 hadi 2019 ilizibana benki. Kampuni ziliondoka moja moja, nyingine kwa kununuliwa, kama KenolKobil, nyingine kwa kufa, kama ARM Cement, na mpya za maana hazikuja. Wageni, ambao kwa miaka mingi walifanya zaidi ya nusu ya biashara ya soko, walianza kufungasha virago Benki Kuu ya Marekani ilipopandisha riba kutoka karibu sifuri hadi juu ya asilimia 5 kati ya 2022 na 2023. Safaricom, iliyokuwa zaidi ya shilingi 40 mwaka 2021, ikaanguka chini ya 13. Lakini kwa maoni yangu sababu kuu ilikuwa serikali yenyewe. Ilikopa ndani kwa njaa kiasi kwamba hakuna kampuni iliyoweza kushindana nayo. Februari 2024 iliuza hatifungani ya miundombinu kwa riba ya asilimia 18.46, isiyokatwa kodi. Ilitaka shilingi bilioni 70, ikaletewa zaidi ya bilioni 280. Fedha za nchi zilikuwapo. Zilikuwa kwa serikali.

Kisha upepo ukageuka, na anayekumbuka 1993 alitambua harufu yake. Januari 2024 dola moja ilikuwa zaidi ya shilingi 160, na watu waliogopa kwamba Kenya ingeshindwa kulipa deni la dola bilioni 2 lililokuwa likiiva Juni. Februari serikali ikakopa upya na kununua sehemu kubwa ya deni hilo. Hofu ikatulia, shilingi ikarudi kwenye 129 au 130. Agosti Benki Kuu ikaanza kupunguza riba. Dhamana za siku 91, zilizokuwa zikilipa karibu asilimia 16 katikati ya mwaka, zilifunga mwaka chini ya 10. Na kiashiria cha hisa zote, NASI, kikamaliza 2024 kikiwa kimepanda kwa asilimia 34.

Hesabu yake ni ya mnunuzi wa ng'ombe wa maziwa. Tuseme ng'ombe anakuletea shilingi 1,200 kwa mwaka. Ikiwa serikali inakulipa asilimia 16 bila wewe kukamua wala kukata majani, hutamnunua kwa zaidi ya 7,500. Riba ikishuka hadi asilimia 8, ng'ombe yule yule kwa maziwa yale yale anafaa 15,000. Sikuichagua namba hiyo ovyo. Gawio la Safaricom lilikuwa shilingi 1.20 kwa kila hisa katika mwaka wa fedha wa 2023, likawa 1.20 mwaka 2024, likawa 1.20 tena 2025. Bei ya hisa, iliyokuwa kama 13 mapema 2024, ilipita 25 mwaka 2025. Ni kweli pia kwamba wawekezaji walitarajia hasara ya biashara ya Safaricom nchini Ethiopia ipungue. Lakini sehemu kubwa ya safari ile aliibeba Gavana wa Benki Kuu mgongoni.

Na nchi je? Mwaka huo wa asilimia 34 ndio mwaka ambao Juni 25 vijana waliingia Bungeni wakipinga Mswada wa Fedha, na makumi ya watu wakapoteza maisha katika maandamano. Ukuaji wa uchumi ulishuka kutoka asilimia 5.7 mwaka 2023 hadi 4.7. Lakini takwimu ninayoiona kuwa na mashiko kuliko zote iko ndani ya benki zenyewe. Hisa ya KCB ilikaribia kupanda maradufu mwaka 2024. Mwaka huo huo, katika kila shilingi 100 benki za Kenya zilizokuwa zimekopesha, zaidi ya 16 zilikuwa hazilipwi ipasavyo, kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana kwa karibu miaka ishirini. Wastani wa riba kwa mkopaji ulifika karibu asilimia 17. Desemba mikopo kwa sekta binafsi ilikuwa imepungua kwa asilimia 1.4 kulinganisha na mwaka uliotangulia. Sehemu ya upungufu huo ilikuwa ya hesabu tu, mikopo ya dola ikibadilishwa kwa shilingi iliyopata nguvu, lakini si yote. Mkopaji alikuwa amezama na mkopeshaji akipanda chati. Hakuna muujiza hapo. Benki iliyosheheni dhamana za serikali zinazolipa asilimia 16 haihitaji mwenye duka apone ili yenyewe inenepe.

Kwingineko hadithi hubadilisha nguo tu. Marekani, kati ya Februari 19 na Machi 23, 2020, kiashiria cha hisa cha S&P 500 kilipoteza asilimia 34. Agosti 18 kilikuwa kimeshaweka rekodi mpya, wakati ukosefu wa ajira ukiwa juu ya asilimia 8 na watu zaidi ya laki moja na nusu wamekufa kwa korona. Riba ilikuwa imeshushwa hadi sifuri, na kampuni tano za teknolojia zilikuwa zaidi ya sehemu moja ya tano ya kiashiria. Mikahawa iliyofungwa haikuwamo. Shanghai kiashiria kilifika 6,124 Oktoba 2007 na hakijarudi pale, ingawa uchumi wa China tangu hapo umekua zaidi ya mara mbili. Zimbabwe ya 2007 na 2008 ilikuwa na soko lililopanda kuliko yote, kwa sababu kila mwenye noti alikuwa akizikimbia na hisa ilikuwa kimbilio. Novemba 2008 biashara ikasimama kabisa. Mfano huo wa Zimbabwe ndio ningemfundisha mwanafunzi kwanza: bei ilipanda kwa sababu kipimio kilikuwa kikioza.

Je, basi tuzime redio habari za soko zinaposomwa? Hapana. Soko lina ukweli wake, ila haupo pale tunapoutafuta. Uko kwenye hisa moja moja kuliko kwenye kiashiria. Chukua Mumias Sugar. Mwaka 2006 hisa yake iliuzwa kwa makumi ya shilingi. Kufikia 2015 ilikuwa shilingi chache tu, wakati wanasiasa wa magharibi bado wakiahidi kila msimu kwamba kiwanda kitafufuka kwa msaada wa serikali. Ilisimamishwa sokoni 2019 ikiwa senti 27. Mkulima wa miwa ambaye angeifuata bei ile angejua mapema kwamba malipo yake yamo hatarini, kuliko aliyefuata mikutano ya hadhara. Bei ya kampuni moja inajua kitu mahususi: kama kampuni hiyo italipa. Ukizichanganya kampuni ishirini ukapata wastani, kile kitu mahususi kinapotea na unabaki na riba na dola.

Kuna njia moja pia ambayo mtu wa kawaida huguswa na kilele hata kama hajui kama ana hisa. Tangu Februari 2023 makato ya NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, yameongezeka, na fedha za pensheni huwekwa pia sokoni. Lakini tusilitie chumvi hili. Karibu nusu ya mali za mifuko ya pensheni ya Kenya, wakati mwingine zaidi, iko kwenye dhamana za serikali. Mwaka 2024 hisa za sokoni hazikufika sehemu moja ya kumi. Na mwenye pensheni kwa kawaida ni mwajiriwa rasmi, wakati kazi nyingi za Kenya ni za jua kali.

Serikali zote, za Nairobi na za kwingineko, hupenda kukionyesha kiashiria kikipanda kama cheti cha kazi njema. Kikishuka husema ni wageni, ni vita vya Ukraine, ni Marekani. Mimi ningekubali mojawapo, si zote mbili. Ikiwa kushuka kwa 2023 kulitoka Washington, basi kupanda kwa 2024 nako kulipita huko huko na kwenye riba, na vijana wa Juni 25 hawakuwa watovu wa shukrani.

Kwa hiyo, msomaji, utakaposikia jioni kwamba soko limefunga likiwa juu, tafuta namba nyingine mbili kabla hujafurahi au kununua: riba ya dhamana za siku 91 wiki hiyo, na kama mikopo kwa sekta binafsi imeongezeka au imepungua. Zote mbili hutangazwa na Benki Kuu, bure, na ya kwanza hutoka kila wiki.